Mlango wa Serikali

Nyumba ya mama yangu pale Mikumi ilikuwa na mlango wa mninga uliotazama barabara kuu. Ulikuwa na fremu, bawaba tatu na kitasa cha shaba, na kwa miaka yote aliyokaa humo haukufunguka hata mara moja, maana nyuma yake palikuwa na ukuta. Abiria walioshuka kwenye mabasi kutafuta maji ya kunywa walikuwa wanapiga hodi pale, wanangoja, wanapiga tena. Mama anawaacha wachoke kidogo, halafu anawaita kutoka uani: "Zungukeni huku. Huo ni wa serikali."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa shule ya misheni mwalimu aliwahi kunisimamisha kipindi kizima kwa sababu nilitaka kujua nani alimfundisha kusoma yule mtu wa kwanza kabisa kusoma. Mume wangu alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameoa polisi. Lakini habari ya mlango ule nilichelewa sana kuielewa, na bado huwa najicheka, kwa sababu hakuna tofali lililowekwa katika nyumba ile bila neno lake kupita kinywani mwangu.

Sisi ni watu wa Vidunda, mlimani. Mume wangu ni mtu wa bondeni, upande wa Ulaya, si ile ya Wazungu, ni kijiji cha huku kwetu Kilosa. Uashi alijifunza Kilosa mjini kwa fundi mmoja Singasinga aliyekuwa akitengeneza nyumba za reli, na fundi yule alimwachia vitu viwili: timazi ya shaba, ile ya kuning'iniza kwa uzi kupima kama ukuta umesimama wima, na tabia ya kutosema neno kabla ya kupima. Tulipooana tulihamia Mikumi, maana huko ndiko kulikokuwa na kazi. Lami ilikuwa imefika, malori ya Zambia yanapita mchana kutwa, reli kutoka Kilosa imeletwa mpaka hapo, na nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga. Ukiondoka Jumatatu kwenda kusalimia ndugu, Alhamisi unarudi unakuta hoteli mahali ulipoacha kichaka. Tembo tu ndio waliokuwa hawajapewa taarifa. Walipita palepale walipozoea, katikati ya viwanja vya watu, na vigingi vya wapimaji wakavikanyaga bila kinyongo.

Nilipenda kusimama na kuwatazama watu wanavyoanza kujenga. Mtu wa mlimani alikuwa anaanza na jiko, wa bondeni anaanza na baraza, na mfanyabiashara anaanza na dirisha la kuuzia, hata kabla hajajua atalala wapi. Nikawa najiambia kwamba ukitaka kumjua mtu usimuulize, mtazame anavyoanza msingi. Mume wangu alisema hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajabeba matofali.

Kisha ukaja wito wa watu kukaa pamoja vijijini, karibu na barabara, wapate shule, maji na zahanati. Watu wa mlimani wakaanza kuteremshwa kwa malori. Mama alikuwa mjane, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Alikuja na lori la mwisho, amekaa juu ya kinu chake, na nyuma yake nyumba yetu ya Vidunda ilikuwa imekwisha ezuliwa ili mtu asitamani kurudi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla yake ziliharibika nikiwa peke yangu Mikumi, na mama aliposhuka kwenye lori, kabla hajatua hata mzigo wake, aliniwekea mkono tumboni akasema, "Huyu tutamngoja wote wawili." Nililia pale mbele za watu. Sikuwahi kumhitaji mtu kama nilivyomhitaji yeye mwaka ule.

Sasa lazima niseme jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa chochote. Kwetu wakati ule mwanamume na mama mkwe wake hawakuonana uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja aliingia porini. Hawakuitana majina, hawakula pamoja, hawakusemeshana. Hakukuwa na ugomvi ndani yake. Ilikuwa heshima, tena kubwa kuliko zote. Wengine waliiondoa kwa mbuzi na sherehe ndogo, wakaendelea na maisha, lakini mama alikuwa na kichwa kigumu. "Heshima yangu haina bei ya mbuzi," alisema. Kwao mume wangu huko Ulaya ukwe una adabu zake ila si mkali namna hiyo. Huko mkwe anasalimiwa kwa mbali, lakini anasalimiwa. Hata hivyo siku ya kwanza tu alipomwona mama anajifunika khanga usoni, aligeuka akatazama ukuta, na tangu siku hiyo akawa anatazama ukuta.

Kwa hiyo mimi nikawa mdomo wao. Asubuhi mume wangu anasema, "Mwambie mama shikamoo." Mama yuko nyuma ya mkeka, anasikia kila kitu. Namwambia, "Mama, shikamoo yako." Naye anasema, "Mwambie marahaba, amelalaje?" Namgeukia, na yeye yuko hatua tatu tu, "Marahaba, umelalaje?" Wakati mwingine nilichoka nikasema wamesikiana, basi yaishe. Mama hakufurahi. Alisema neno lisilobebwa na mtu halijafika.

Siku ya kugawa viwanja tulikusanyika mbele ya duka la ushirika. Mwenyekiti wa kijiji alitia vikaratasi ndani ya kofia yake, na kila kaya ikachota. Mama alikuwa nyuma kabisa ya watu kwa sababu mume wangu alikuwa mbele, kwa hiyo nilimchotea mimi. Sisi tulikuwa tumekwisha pewa kiwanja upande wa magharibi wa barabara. Nikafungua kikaratasi cha mama, nikasoma namba, nikatafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Kiwanja chake kilikuwa upande wa mashariki, sawasawa mbele yetu.

Juu ya ramani ile palikuwa na tangazo la herufi kubwa: KILA NYUMBA IELEKEE BARABARA. Ofisa wa maendeleo kutoka Kilosa akaeleza kwamba nyumba zote ziwe mstari mmoja kila upande, milango itazamane, kijiji kipendeze.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba abadilishe. Aliniuliza sababu. Nikaona haya kuitamka mbele ya watu, nikasema mama anapenda upande wa upepo. Akacheka akaniambia majina yamekwisha andikwa kwenye daftari na daftari limekwisha panda gari la Kilosa. Nilirudi nyumbani nikiuchukia mkono wangu. Nilimpigia mama hesabu ya maisha yake mapya: asubuhi anafungua mlango, na mkwe wake yuko barazani anakunywa uji. Anafunga. Mchana anafungua, mkwe amerudi kula. Anafunga. Huyo si mtu aliyepewa nyumba, huyo ni kuku aliyefunikwa tenga.

Mama nilipomweleza aliuliza tu, "Tangazo linasemaje?"

"Kila nyumba ielekee barabara."

"Hilo neno ni zuri," akasema, na akarudi kupepeta mahindi.

Wewe unayesoma unajua kwamba neno hilo ni maneno mawili. Ipo barabara ya kupita magari, na ipo barabara ya kufanya jambo likae sawa, liwe kama linavyotakiwa. Watu wa pwani huyatofautisha kwa mahali wanapokaza sauti, tulifundishwa shuleni. Kwenye karatasi huwezi kuona tofauti, na katika Kiswahili cha mama, alichokipata kanisani akiwa mtu mzima, maneno yote yalikazwa mahali pamoja kama mtu anayepigilia misumari.

Kujenga nyumba ya mkwe ni wajibu, na mume wangu aliuchukua bila kuombwa. Alifyatua matofali mwenyewe kule mtoni, akayachoma, akachimba msingi. Mama alikaa nyuma ya rundo la matofali na khanga kichwani, na mimi na tumbo langu tulikwenda na kurudi baina yao. "Mwambie fundi dirisha liwe juu, sitaki kuchunguliwa na mbuzi." "Mwambie mama litakuwa juu." "Mwambie fundi ukuta huo naona umelala." Mume wangu akachukua timazi, akaining'iniza, akaitazama kwa muda mrefu. "Mwambie mama umesimama." Mama akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo fundi aliisikia, "Basi ni jicho langu limelala." Niliona mabega ya mume wangu yanatikisika kwa kicheko. Nilifikiri, hawa watu wawili wangekuwa marafiki wakubwa.

Msingi ulipokwisha ikafika siku ya kuacha uwazi wa mlango. Mume wangu alisimama na kamba mkononi, amegeukia barabara, hasogei. Mama akasema kutoka nyuma ya matofali, "Mwambie fundi mlango auweke barabara."

"Barabarani, mama?"

"Barabara. Wewe si ndiye uliyesoma?"

Nilisimama katikati yao nikitafuta anachotaka kusema. Sikupata. Nikafanya kama tarishi anavyofanya, nikalibeba neno kama nilivyopewa. "Mama anasema mlango uuweke barabara."

Mume wangu alitazama timazi yake muda wa kuvuta sigara nzima. Kisha akasema, "Mwambie nimesikia." Akachukua kamba, akauvuka msingi, akaenda kupima mlango upande wa nyuma, unaotazama milima ya Vidunda. Mama alipoona hivyo akaondoka kwenda kuteka maji, na kwa mara ya kwanza tangu ateremke nilimsikia anaimba.

Niliuliza, kama kawaida yangu. Nilimuuliza mume wangu alielewa nini. Akasema, "Niliambiwa niweke barabara, nimeweka barabara." Nilimuuliza mama. Akasema, "Fundi wako ana masikio mazuri."

Kuta zilipanda kwa haraka. Wiki ile ya kuta mama alinituma kila siku kuchuma mboga mbali, akisema kutembea kunamweka mtoto sawa. Nyumba ikaezekwa, na mama akaanza kuisiriba kwa udongo kwa mikono yake, kazi ambayo kwetu mwanamume haruhusiwi hata kuigusa. Chumba cha mbele, kwenye ukuta wa upande wa barabara, alipamba kwa ncha za vidole: nukta zinazopanda kutoka chini, zinakata kwa juu, zinashuka upande wa pili. Nilimuuliza ni nini. "Mapambo," akasema. Yalikuwa mazuri kweli, nikayasifu.

Aliishi humo wiki tatu kwa raha. Alitokea nyuma, akaota jua akitazama mlima wake, na mume wangu akanywa uji barazani kwetu bila kumkosea mtu. Kisha yule ofisa wa maendeleo akarudi.

Alikuwa kijana, mtu wa mikoa ya mbali, na Land Rover yake ilisimama katikati ya barabara kwa namna ambayo ilionyesha wazi kwamba amekasirika. Nyumba zote zilikuwa zimetazama barabara, isipokuwa moja iliyoipa mgongo. Alisema wageni wa mkoa watapita baada ya siku saba. Nyumba ile igeuzwe mlango, la sivyo ibomolewe na mwenyewe ahamishiwe kijiji kingine kule bondeni. Mama aliyasikia hayo akiwa uani. Ofisa alipoondoka nilizunguka nyuma nikamkuta amekwisha kunja mikeka na anafunga kinu kwa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Mlimani."

"Hakuna nyumba mlimani, mama. Hakuna paa."

"Kuna mapango," akasema. "Mlango ukigeuka mimi sitakaa hapa nimejifunika uso, nimjue mkwe wangu kwa miguu yake tu kila akipita. Wala sitaacha anione nikitoka na maji machafu asubuhi. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa na miezi saba. Nilikaa chini kwenye udongo, mbele ya kinu chake. Nilijua kabisa kwamba mama akipanda mlima ule na kifua chake kibovu, nitajifungua peke yangu, na nilijua pia kwamba huenda nisimwone tena. Nilimwambia hivyohivyo, bila kuzungusha. Akafungua kamba ya kinu polepole, akasema atangoja mpaka huyo bwana arudi, lakini si zaidi.

Ofisa alirudi siku ya tano, na dereva wake ambaye alikuwa mtani wetu. Watu walijaa. Mama alitoka nyuma ya nyumba amejifunika khanga, akasimama kwenye pembe ya ukuta. Kule upande wa pili mume wangu alipomwona tu aligeuka, akaupa mkutano mzima mgongo. Ofisa alikuwa amejaa maneno, lakini mbele yake alisimama mtu wa rika la mama yake, na adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Akajaribu tena kukasirika. "Mama, hukusikia amri? Tulisema kila nyumba ielekee barabara."

"Nilisikia. Ndiyo maana nilimwambia fundi aiweke barabara. Kama haikukaa barabara, nionyeshe ilipopinda, atairekebisha."

Watu wakaanza kuguna. Ofisa akaitazama nyumba. Haikuwa na kasoro. Pembe zake zilikuwa zimekata sawa kuliko za ofisi yake kule Kilosa. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe umesoma. Mama yako alilielewa neno lile au hakulielewa?"

Nikisema hakuelewa, nimemwita mama yangu mjinga mbele ya kijiji. Nikisema alielewa, nimemfanya mkaidi wa serikali, na mume wangu pamoja naye. Na ukweli ni kwamba sikujua. Nikasema jambo pekee nililolijua. "Alisema barabara, nami nikapeleka barabara, na fundi akaweka barabara."

Dereva mtani wetu aliangua kicheko mpaka akashika usukani. "Bwana mkubwa," akasema, "hawa wa mlimani wamekufunga kwa kamba yako mwenyewe. Na huyo fundi unayemwona amekupa mgongo hakudharau. Huyo ni mkwewe. Ukimgeuza mlango mama huyu umemfunga jela."

Ofisa alimtazama mume wangu, akamtazama mama, akaitazama barabara iliyokatiza baina yao. Nilimpenda wakati ule, kwa sababu nilimwona anaacha kuamuru na kuanza kutaka kujua. Aliuliza kama ni kweli hawajawahi kuonana. Aliuliza nyumba ilijengwaje basi. Nilipomweleza akavua kofia yake akajikuna kichwa. "Lakini siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba nyumba imegeuka kwa sababu ya aibu ya ukwe."

"Andika barabara, baba," mama akasema.

Hapo hata ofisa alicheka. Kisha mume wangu akasema, bila kugeuka, kama anayezungumza na ukuta wa nyumba yetu: "Mwambie mama, na bwana ofisa naye asikie. Wageni wakitaka kuona mlango, wataona mlango."

"Mimi nataka kuona mlango mbele," ofisa akasema baada ya kufikiri. "Kama unafunguka au haufunguki, sikutumwa kufungua milango."

Mume wangu alikuwa na mbao za mninga alizoziweka kwa ajili ya mlango wetu. Akazitumia. Mama akaja kushinda kwangu na mimi nikakatazwa kusogea, eti vumbi na hali yangu. Mume wangu alikata ukuta kwa nje, nusu ya unene wake, akapachika fremu, akatundika mlango. Nilishangaa sikusikia nyundo nyingi, na ukuta wa juu haukupata hata ufa. Nilimuuliza haogopi utamwangukia mama. Akasema, "Hauwezi." Siku ya wageni magari matatu yalipita na vumbi lake, vioo vimefungwa, na hakuna kichwa kilichogeuka.

Mama hakurudi mlimani. Alimpokea mwanangu kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwapo aliponyonya, aliposota na alipotembea. Mtoto alijifunza mapema kwamba kwenda kwa bibi ni kuvuka barabara na kuzunguka nyumba. Mara moja tu nilipata shaka. Mwanangu alikuwa darasa la pili, anasoma kwa sauti uani kwa bibi yake, akalitamka neno lile vibaya. Mama akamsahihisha akiwa anachambua mchicha, akaitaja barabara ya magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa, kila moja na mkazo wake, kama mtu aliyezaliwa Bagamoyo. Nilimkazia macho. Akaniuliza kama nina homa.

Alifariki asubuhi moja ya masika, usingizini, kifua kimemshinda. Mume wangu alitengeneza jeneza mwenyewe. Lilipofika wakati wa kumtoa, wanaume waliona kwamba haliwezi kupinda kutoka chumba cha mbele alipolazwa mpaka mlango wa nyuma, maana miaka ile mji ulikuwa umejaa, jirani amejenga mpaka ukingoni, na jiko la mama lilikuwa limebanwa kwenye kona. Wakaanza kubishana kubomoa jiko. Mume wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga ndani tangu alipokabidhi nyumba ile, aliingia na nyundo ndogo. "Ngojeni," akasema.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wenye mapambo. Aligonga ndani ya nukta zile. Udongo uliosiribwa ukadondoka, na matofali yakaanza kutoka moja moja kama viazi kwenye gunia, kwa sababu hayakuumana na ukuta kwa upande wowote. Yalikuwa yamepangwa tu kuziba uwazi. Na juu yake, imelala sawa kutoka pembe hadi pembe, ilikuwapo linta ya mti mgumu, ule mti unaobeba ukuta juu ya mlango.

Nimeolewa na mwashi. Najua kwamba linta haipachikwi ukuta ukisha simama. Inalazwa wakati ukuta unapanda. Ile ililazwa wiki ileile niliyokuwa nikitumwa mboga. Alikuwa ameacha milango miwili tangu mwanzo, mmoja wa kukaa na mmoja wa kungoja. Na nukta za mama zilikuwa zimeuzunguka uwazi ule bila kukosea hata kidole kimoja. Basi naye alijua, akiwa ndani, alichokifanya mwenzake akiwa nje. Walikuwa wameelewana neno zima, na aliyelibeba ndiye pekee ambaye hakulisikia. Nilisimama pale nikiwa na uchungu wa msiba, na papo hapo nikataka kuwacheka na kuwagombeza wote wawili.

Mlango wa serikali ukafunguliwa. Mwanga wa barabarani ukaingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Jeneza lilikuwa bado halijafunikwa. Mume wangu aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainama akamtazama mama usoni. Alimtazama kama anavyotazama timazi, bila haraka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilingoja kidogo. Kisha nikaitika marahaba, maana kazi ya kupeleka majibu ilikuwa yangu.